Duara la Utange

Mwalimu Faiza, aliyerithi darasa langu, ameniomba niwaandikie walimu wapya wa chekechea yetu jinsi michezo ya duara inavyoendeshwa. Nilimwambia mambo hayo hayafundishiki kwa kalamu. Akanijibu kwa adabu kwamba nimestaafu, kazi nyingine sina, basi nijaribu. Hilo la mwisho ni kweli, kwa hiyo nimekaa barazani kwangu hapa Utange na naandika. Vyeo na mishahara nitavipita. Havikuwa vingi, na hakuna hata kimoja kinachoimbika.

Mimi sikuanzia kwa watoto. Nilianzia hotelini, Shanzu, katika kikundi cha kuwatumbuiza wageni. Mchana tulicheza nao mpira ndani ya bwawa la kuogelea, na jioni tukawapigia kayamba na ngoma tukiwa tumevaa majani kiunoni, vazi ambalo babu yangu wa Kigiriama hakuwahi kulivaa maisha yake yote. Wageni walipopungua hoteli ikafunga, nikarudi nyumbani na kayamba langu. Baada ya muda mke wangu alisikia kwamba kuna shule ya chekechea inatafuta mtu anayejua kuimba. Nikaenda. Mwalimu mkuu, Madam Jumwa, aliniambia niimbe kidogo, nikaimba, akaniambia nije Jumatatu.

Jumatatu niliingia darasani na tabasamu la hotelini. Niliruka katikati ya watoto, nikatikisa kayamba juu ya kichwa, nikazungusha macho na kupiga kelele ya furaha. Wageni walikuwa wakipenda sana jambo lile. Hapa mtoto mmoja alilia, kisha wa pembeni yake akalia, maana kilio cha chekechea huenea kama moto kwenye paa la makuti. Msichana mmoja aliingia chini ya meza na hakutoka mpaka uji ulipoletwa.

Mwalimu niliyewekwa chini yake alikuwa Bi Rukia, mama mtu mzima wa ukoo wa kale wa kisiwani, aliyeolewa Kisauni na kukaa huko. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akinitazama. Watoto walipokuwa wakinywa uji akaniita.

"Karisa mwanangu, ndoo hapa."

"Naam, Bi Rukia."

"Wewe wataka kuteza, au wataka watoto wateze?"

Kwa lahaja yao ya kisiwani, ndoo ni njoo na kuteza ni kucheza. Akaniambia kwamba pale katikati nilipoingia ni pahali pa mtoto. Mimi nafasi yangu ni kwenye duara lenyewe, nishikwe mikono huku na huku kama mwingine yeyote. Halafu akaniambia nilete kayamba langu. Akalitazama, akalisifu, akaliweka juu ya kabati. Likakaa huko muhula mzima.

Badala yake alinipa vifuu viwili vya nazi. Kifuu kina sauti kavu na fupi, na mtoto anajua mara moja mguu uende wapi. Vifuu vyenyewe lazima vitoke nazi moja, visuguliwe kwa mchanga mpaka visichome mkono. Nimevitumia mpaka mwisho, na nimevivunja vingi kwa kuvikalia.

La pili alilonifunza ni sauti. Sisi wanaume tunaanza wimbo chini sana. Mtoto anajaribu kushuka, hafiki, basi ananyamaza au anapayuka tu. "Umeanzia kisimani," Bi Rukia alikuwa akisema. "Hawana kamba ndefu hivyo." Nikajifunza kuanzia juu, kwa sauti nyembamba. Hapa mtaani nilichekwa. Kwa kinyozi waliniuliza kama nimepata mafua ya kudumu, na wengine walishangaa mwanamume mzima kushinda akizunguka na watoto. Nilizoea. Hotelini nilikuwa nimevaa majani, kwa hiyo sikuwa na heshima kubwa ya kupoteza.

La tatu ni mwendo. Duara huenda kwa mwendo wa mtoto wa polepole kuliko wote. Miaka ya karibuni shule ilinunua spika ya kuchezea nyimbo kutoka kwenye simu, na walimu vijana waliipenda. Siikatai. Lakini spika haimngoji mtoto aliyevukwa na kiatu, wala haijui kumtaja jina.

Mchezo tuliocheza zaidi kuliko yote tuliutunga pale pale, mimi na Bi Rukia, tukauita mkeka. Watoto wanashikana mikono na kuzunguka. Mmoja anakaa katikati, yeye ndiye msukaji, na wote wanaimba:

*Nasuka mkeka wangu,*
*ukindu wataka mwenzi.*
*Njoo, ukindu wa pili,*
*tupishane, tupishane.*

Hapo msukaji anamchagua mwenzake, wanapishanisha mikono, wanazunguka pamoja, kisha yule wa kwanza anarudi kwenye duara na wa pili anabaki kuchagua. Kila aliyekwisha kusukwa anafungwa kipande cha ukindu mkononi. Hiyo ilikuwa akili ya Bi Rukia. Bila alama, watoto wazuri wa nguo na wepesi wa maneno huchaguliwa kila mara, na wengine hurudi nyumbani hawakuitwa. Ukindu ukiwa mkononi, msukaji anatafuta mkono mtupu, na mkeka hauishi mpaka wote wameingia.

Bi Rukia aliacha kazi magoti yalipomkatalia kuketi kwenye kigoda, nami nikabaki na darasa. Sasa nitaeleza lililotukuta baadaye, kwa sababu ndilo Faiza analotaka hasa niliandike.

Darasani kwangu kulikuwa na wasichana wawili, Sidi na Mwanaidi, majirani wa nyumba kwa nyumba. Mama yake Sidi alikuwa akiuza mahamri na mbaazi asubuhi karibu na lango la shule. Mama yake Mwanaidi alikuwa fundi wa cherehani. Wasichana hao walikuja pamoja, wakala pamoja, na kwenye duara walisimama pamoja kila siku, hata nikiwatenganisha kwa sababu ya kupiga soga.

Kati ya nyumba zao kulikuwa na kichochoro cha kwendea bombani. Baba yake Mwanaidi alikiziba kwa mabati, akisema ni sehemu ya kiwanja chake. Baba yake Sidi akayang'oa mabati. Wake zao wakatukanana mbele ya watu, maneno ambayo hayaandikiki. Walikwenda kwa chifu, wasipatane, na mwisho kesi ikafika mahakamani Shanzu. Mtaa ukagawanyika, huyu upande huu na yule upande ule.

Asubuhi moja Mama Mwanaidi alinifuata darasani. Aliniamkia vizuri, akauliza hali ya mke wangu, kisha akasema lililomleta.

"Mwalimu, mwanangu asishikane mikono na mtoto wa yule mwanamke. Kukaa darasa moja sikatai. Mkono, la."

Nilijaribu kumweleza kwamba watoto hawamo katika kesi. Akaniambia amekwisha kusema. Mchana, wakati wa kwenda nyumbani, Mama Sidi aliniambia yaleyale, karibu kwa maneno yaleyale, mtu angedhani wamekaa kikao wakakubaliana. Lilikuwa jambo pekee walilokubaliana mwaka ule.

Kwanza nilidhani ni jambo dogo. Niliwasimamisha mmoja upande huu wa duara na mwingine upande wa pili, tukacheza. Tulipocheza mkeka, mambo yalikwenda vizuri mpaka Sidi alipoingia katikati. Akatafuta mkono mtupu. Watoto wote walikuwa na ukindu, isipokuwa Mwanaidi.

Sidi alimtazama mwenzake, kisha akanitazama mimi. Mwanaidi akaficha mikono nyuma ya mgongo. Wimbo ulifika kwenye "njoo, ukindu wa pili", ukarudiwa, ukarudiwa tena, mpaka ukafa wenyewe. Sidi akaketi chini mchangani, akalia bila sauti. Nilikuwa nimekwisha kuona vilio vya kila namna katika kazi ile, lakini mtoto wa umri ule kulia kimya ni jambo linalokaa na mtu.

Baada ya siku hiyo duara likaharibika. Watoto ni wepesi wa kuiga, na walikuwa wamegundua kwamba mkono unaweza kukataliwa. Mmoja hakutaka kumshika mwenzake kwa sababu baba zao walikuwa pande mbili za ile kesi. Mwingine alimkataa jirani kwa sababu ya makamasi, mwingine kwa sababu tu mwenzake amekataa. Nikianza wimbo, nabaki na vipande vya watoto wawili wawili, na mapengo kati yao.

Madam Jumwa aliona. Hakuwa mtu mkali, lakini alikuwa na wazazi waliomwambia kwamba watoto wa shule jirani wanaandika majina yao, na wetu wanarudi nyumbani na nyimbo. Aliniita ofisini, akanipa chai, akasema polepole kwamba ikiwa duara linaleta ugomvi, basi tuliache, watoto wakae kwenye viti waandike. Angengoja mpaka shule ifungwe. Kama hali ni ileile, muhula ujao hakuna duara.

Nilikwenda Kisauni kwa Bi Rukia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanishauri tuwaite wale kina mama wawili, wakae pamoja mbele ya Madam Jumwa, wazungumze kiungwana. Nilimwamini, kwa maana sijawahi kumwona akikosea kuhusu mtoto. Tukawaita. Wakaja, wakaketi, na kabla chai haijapoa walikuwa wamesimama wote wawili, kidole kwenye uso wa mwenziwe, na kikombe cha Madam Jumwa kimepinduka. Waliondoka kwa hasira, ila shule ina lango moja tu, ikabidi mmoja angoje ndani mpaka mwingine aishie.

Nilipompelekea Bi Rukia habari hiyo alitikisa kichwa. "Basi nimekosa," akasema. "Mimi ni wa watoto, mwanangu. Hawa wakubwa siwajui."

Nikarudi nyumbani nimekata tamaa. Nilianza hata kufikiria nitawafundishaje kuandika kwa furaha, jambo ambalo sijui kama kuna mtu anaweza.

Ilikuwa siku chache baadaye, saa ya kulala. Watoto wetu hulala kidogo baada ya chakula cha mchana, kila mmoja na leso yake kutoka nyumbani. Niliwahesabu kwa macho, nikaona mikeka miwili mitupu. Nikatoka nje kuwatafuta.

Walikuwa nyuma ya tangi la maji. Mwanaidi ameshika ncha moja ya leso yake, Sidi ameshika ncha ya pili, wanazunguka taratibu na kuimba ule wimbo wa mkeka kwa kunong'ona. Waliponiona wakasimama ghafla. Mwanaidi ndiye aliyeanza kujitetea.

"Mama amesema mkono, Mwalimu. Leso hajasema."

"Hata mamangu," Sidi akasema. "Leso hajasema."

Niliwarudisha ndani wakalale, halafu nikabaki pale nyuma ya tangi nikifikiri. Si kazi ya mwalimu kumfundisha mtoto kumzunguka mama yake. Lakini hawa hawakuwa wamevunja neno la mtu. Walikuwa wamelipima vizuri kuliko wazazi walivyolipima, wakaona pana nafasi, wakaingia. Nilimweleza Madam Jumwa. Alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho, akasema wale watakuwa mawakili, kisha akaniambia nifanye ninaloona linafaa.

Kesho yake nilikuja na leso kuukuu za mke wangu, nikazifunga ncha kwa ncha mpaka zikawa pete moja kubwa. Watoto wakaishika wote, na mimi nikashika. Hapakuwa na mkono wa kukataa. Tukazunguka. Mwanzoni walikuwa wakinitazama kama watu wanaongoja kukatazwa, na wimbo ulikuwa mdogo. Tulipofika mara ya tatu walikuwa wakiimba kwa sauti ya kuwaamsha majirani. Na tulipocheza mkeka, wawili wa katikati walishika leso fupi, wakapishana nayo juu ya vichwa. Sidi alimchagua Mwanaidi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nasema hili kwa faida ya walimu wapya: hata bila ugomvi, leso ni chombo kizuri. Watoto hawavutani mabega, mkono wenye jasho hautelezi, na mtoto mgeni anayeogopa kushikwa anapata kitu cha kushika. Kasoro yake ni mafundo. Yanalegea, na kitambaa kinachanika kwa kuvutwa. Baada ya wiki kadhaa pete yetu ilikuwa matambara.

Mafundi wa kushona ni wengi Utange. Mimi niliichukua nikaipeleka kwa Mama Mwanaidi.

Aliipokea, akaigeuzageuza, akaniuliza ni ya nini. Nikamweleza kila kitu tangu mwanzo. Nilimweleza siku ile Sidi alipoketi mchangani, na jinsi darasa zima lilivyofuata kukataana, na nilivyowakuta nyuma ya tangi. Nilipofika kwenye maneno ya mwanawe, mguu wake ukasimama juu ya pedeli ya cherehani.

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

"Na yule mwenziwe?"

"Akasema hata mama yake hajasema leso."

Aliinama, akajifanya anatafuta sindano. Nilimwona mabega yakitikisika, nisijue kama anacheka au analia, na nadhani hata yeye hakujua. Akaniambia nirudi Jumamosi.

Jumamosi nilikuta ameifumua yote na kuishona upya. Ilikuwa pete ya kitambaa cha kunjo mbili, iliyopigwa mshono juu ya mshono, na pembeni mwake vitanzi vya mabaki ya vitambaa vya rangi mbalimbali, kila mtoto na chake. Vitanzi vyote vilikuwa vimeachana kwa nafasi sawa, isipokuwa viwili, kimoja cha manjano na kimoja cha samawati, vilivyoshonwa karibu karibu. Nilivishika nikamtazama.

"Hivyo viwili wape wenyewe," akasema. "Na usiniitie mkutano tena, Mwalimu."

Jumatatu nilipopita langoni nilimwambia Mama Sidi ni nani aliyeshona. Aliendelea kugeuza mahamri kwenye mafuta kana kwamba hakusikia. Kesho yake Sidi alikuja na mahamri ya darasa zima yamefungwa kwenye kitambaa. Akaniambia, bila kuulizwa, kwamba mama amesema ni ya wote, hata Mwanaidi.

Sitawadanganya kwamba kitambaa kilimaliza kesi. Kesi iliendelea. Kilichoisaidia zaidi, kwa nijuavyo, ni bomba la maji kupasuka. Lilikuwa limelazwa chini ya kichochoro kilekile, na baba wawili wale ikabidi wachimbe pamoja, huku wake zao wakipanga foleni moja kwenye bomba la mbali. Ukisimama na ndoo nyuma ya mtu kwa muda mrefu, na jua la hapa, mwisho utamwambia kitu. Siku zilipita, nikasikia wameiondoa kesi Shanzu na kichochoro kimeachwa kichochoro.

Mimi niliyoyaona kwa macho yangu ni ya siku ya kufunga shule. Wazazi walikuja, na Madam Jumwa, kwa hiari yake, aliweka duara mwanzo wa shughuli. Mama Sidi na Mama Mwanaidi waliketi benchi moja, begi la mtoto katikati yao. Tulicheza mkeka, na zamu ya Sidi ikafika. Akamchagua Mwanaidi kama kawaida, na wote wawili wakanyoosha mkono kuichukua ile leso fupi.

Mama Mwanaidi akasema kutoka pale alipoketi, si kwa sauti kubwa, lakini watu wote walisikia:

"Mwanaidi, mshike mwenzio mkono."

Mwanaidi akamtazama mama yake. Sidi naye akamtazama wake. Mama Sidi alikuwa ameinamisha kichwa, akikunja na kukunjua ncha ya leso yake mapajani. Akaitikia kwa kichwa, kisha akapata sauti.

"Mshike, mwanangu."

Walishikana, wakapishanisha mikono, wakazunguka kwa kasi iliyozidi wimbo, mpaka wakaanguka mchangani mmoja juu ya mwenziwe, wakicheka. Wazazi walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika vifuu na nikasahau kuvigonga. Habari ya viti na kuandika haikutajwa tena, na watoto wale, niongeze, walijifunza kuandika majina yao kwa wakati wake kama watoto wote. Nilipompelekea Bi Rukia habari hizi, alimshukuru Mungu, kisha akataka kujua kama wimbo niliuanzia juu au chini.

Siku yangu ya mwisho kazini kulikuwa na keki na hotuba. Wazazi walisema mengi mazuri, mengine yalikuwa ya kweli. Watoto walichoka kukaa, kwa hiyo Faiza akawatoa uani, nami nikabaki mlangoni kukusanya vitu vyangu. Nikasikia anaanza wimbo nisioujua, aliotunga mwenyewe, wa feri ya Likoni. Duara ndiyo feri, inayumba huku na huku, na abiria wanaitwa jina kwa jina waingie kabla haijang'oa nanga. Aliuanzia mahali pazuri kabisa.

Niliweka mfuko chini nisikilize ubeti mmoja. Mtoto mmoja wa kike, aliyeanza shule muhula ule ule na asiyejua lolote kuhusu kustaafu, akageuka, akanikuta nimesimama. Akaachia mkono wa jirani yake ili kunipatia nafasi.

"Ingia, Mwalimu," akasema, "feri inaondoka."

Nikaingia.